Shajara ya vibao vya kitalu: sativus, sativa, sativum

Naandika hii kwa yeyote mwenye kitalu, bustani ya shule au shamba darasa anayetaka kuweka vibao vyenye jina la Kiswahili na jina la Kilatini chini yake. Mwanzoni nilipanga wikendi mbili, bati na rangi basi. Imekula miezi saba (utangulizi huu nimeuandika upya Septemba), na kilichokula muda sana sio bati, ni kivumishi kimoja cha Kilatini ambacho kipo kwenye vibao vyetu vinane. Kitalu chetu kipo Morogoro, tuna miche ya miti ya matunda na ya mbao na matuta machache ya mboga, wanafunzi wanakuja na walimu wao karibu kila mwezi na ndo hao niliowafikiria. Makosa nimeyaacha yalivyo, na gharama pia.

3 Februari 2024: orodha na bati

Orodha imefika mimea 22. Bati bapa moja 34,000, fundi kukata vipande na kutoboa matundu 6,000, rangi nyeupe ya mafuta lita moja 13,000, nyeusi kopo dogo 5,000, brashi mbili nyembamba 3,000. Mwandishi wa mabango wa hapa mtaani ameandika vyote kwa 1,000 kila kibao, kwahiyo 22,000. Jumla mpaka leo 83,000. Majina ya Kilatini niliyatoa kwenye simu usiku mmoja, haraka haraka, nikamkabidhi karatasi.

17 Februari 2024: vibao vitano vimekosewa

Mwalimu aliyekuja na darasa lake kasimama kwenye tuta la giligilani na pakiti ya mbegu mkononi, akaniuliza, "Dada, hapa kwenye pakiti wameandika Coriandrum sativum, wewe umeandika sativa, ipi ndo sahihi?" Nilimjibu nitaangalia, na nilivyoangalia jioni nikaona nimeharibu vibao vitano.

Kilichotokea ni hivi. Kwenye orodha yangu mimea minane ina hilo neno: saladi, mpunga, habasoda, tango, figili, kitunguu saumu, giligilani na njegere. Nilivyoanza na saladi nikakuta Lactuca sativa, mpunga nikakuta Oryza sativa, nikaona basi sativa ni kama jina la ukoo halibadiliki, nikaiandika hivyohivyo kwa zote bila kuangalia moja moja. Tatu zikatoka sawa kwa bahati, tano zikatoka vibaya.

Sativa sio jina, ni kivumishi, na kivumishi cha Kilatini kinafuata nomino yake kama chetu. Sisi tunasema mpunga mzuri, tango zuri, kitunguu kizuri, shina ni -zuri na kinachobadilika kinakaa mbele. Wao shina ni sativ- na kinachobadilika kinakaa nyuma. Nomino zao zina jinsia tatu, ya kiume, ya kike na ile isiyo upande wowote, mimi nikiwaeleza watoto nasema tu ngeli tatu wanaelewa hapohapo. Lactuca, Oryza na Nigella ni za kike kwahiyo sativa. Allium, Coriandrum na Pisum zipo kwenye ile ya tatu kwahiyo sativum. Raphanus na Cucumis ni za kiume kwahiyo sativus. Cucumis ndo ilinichelewesha maana haiishii na -us inaishia na -is, nikaiacha siku mbili mpaka nilipokuta kwenye kamusi alama ya m pembeni yake. Cucumis sativus, tango.

Majina yote manane aliyatoa Carl Linnaeus, yule Mswidi, kwenye Species Plantarum ya mwaka 1753, na kabla ya utaratibu wake wa maneno mawili mmea uliweza kubeba sentensi nzima ya Kilatini kama jina. Sheria ya upatanisho bado ipo kwenye kanuni za kimataifa za majina ya mimea, mtu akikosea mkia wa kivumishi unasahihishwa na jina linaendelea. Kwahiyo sio urembo.

Kukwangua na kuandika upya vibao vitano: 5,000, msasa 1,000. Jumla 89,000.

9 Machi 2024: sero mbili

Baada ya ule mkia nikataka chini ya kila jina kuwe na maana, maana jina usilolielewa unalisahau kabla hujafika getini. Hapa nimekosea mara mbili na naomba mtu asirudie.

Mara ya kwanza nilikisia. Kilatini kuna satis, yani ya kutosha, na satur, aliyeshiba, nikasema basi sativa ni mmea wa kushibisha, mpunga unashibisha, njegere zinashibisha, imekaa vizuri. Lakini kitunguu saumu kinamshibisha nani? Nikaifuta kabla haijatoka.

Mara ya pili nilifanya kazi kabisa. Nikafungua kamusi, sativus wameandika inatoka kwenye kitenzi sero, nikatafuta sero, nikakuta sero, kuunganisha, kufuma, kupanga mfululizo. Nikaandika kikaratasi cha maelezo kwamba sativus ni mmea uliounganishwa na maisha ya watu, nikachapa nakala 60 kwa 100 kila moja, 6,000. Na kwa kweli nilikuwa nimeipenda ile maana.

Alhamisi akaja padri mmoja mstaafu kununua miche ya michungwa. Nikamsalimu Tumsifu Yesu Kristo, akaitika, nikampa kikaratasi asome wakati namfungashia miche. Akasoma mpaka mwisho kimyakimya alafu akaniuliza, "Binti yangu, hii sero umeichukua ipi?"

Nikamwambia sijui kama zipo mbili.

"Zipo mbili na mwanzo zinafanana kama mapacha. Kitenzi cha Kilatini usikijue kwa neno moja, kijue kwa maneno manne. Sisi tulikuwa tunayaimba darasani." Na akayasema taratibu huku anahesabu kwa vidole vyenye udongo: sero, serere, sevi, satum. Akakunja vidole, akaanza tena: sero, serere, serui, sertum. "Umeona yanapoachana? Kwenye la tatu na la nne. Ya kwanza ni kupanda mbegu, ya pili ni kufuma. Sertum ni shada la maua. Satum ndo yako."

Yani ukiangalia maneno mawili ya mwanzo huoni tofauti kabisa, sero serere, sero serere, na mimi nilisimama kwenye la kwanza. Kutoka satum unapata satus, iliyopandwa, alafu unaongeza -ivus unapata sativus. Hiyo -ivus inapachikwa kwenye matendo yaliyokwisha kufanyika, natus ni aliyezaliwa na nativus ni wa kuzaliwa nacho, captus ni aliyekamatwa na captivus ni mateka. Padri akaniambia hata majina ya sarufi yenyewe yametengenezwa hivyo, datus ni iliyotolewa na dativus ni ile hali ya nomino ya anayepewa kitu, satus sativus, datus dativus, zinatembea pamoja.

Kwahiyo sativus kwa Kiswahili changu mimi ni "ya kupandwa". Mmea unaotokea mkononi mwa mtu, kinyume chake silvestris, ya porini, kutoka silva, msitu. Pliny Mzee, mwandishi wa Kirumi aliyekufa mwaka 79 kwenye mlipuko wa volkano ya Vesuvius, anautumia utofauti huo kwenye maandishi yake ya mimea, ile ya kupandwa na ile ya mwitu, na sisi mpaka leo tunaongea hivyohivyo, mchicha wa kupanda na mchicha pori.

Nilimuuliza pia hiyo r ya sero imetoka wapi wakati satum haina r, semen, mbegu, haina r, zote ni za mzizi mmoja unaoanza na s. Akasema zamani sana ilikuwa s, shina lilirudiwa mwanzoni s ikawa mara mbili, na ile ya katikati ya irabu mbili ikageuka r. Ndo maana ua ni flos lakini la ua ni floris. Niliipenda sana hiyo, maana nilidhani ni neno limeharibika kumbe lina sababu.

Vikaratasi 60 nimevichoma, vipya 6,000. Jumla 101,000.

30 Machi 2024: masika imeshinda rangi

Mvua imeanza na rangi imebabuka. Sio imefifia, imebabuka, unaishika kwa kucha inatoka kama ganda la kitunguu, na herufi zinatoka nayo. Kosa langu ni kupaka rangi ya mafuta moja kwa moja kwenye bati jipya lenye zinki, linateleza, rangi haina pa kushika. Nimenunua praima 9,000, nimekwangua vibao sita, nimeviosha kwa sabuni, nimekausha, nimepaka praima alafu rangi. Vinne vimeshika, viwili vimebabuka tena pembeni kwenye matundu. Maka ya kudumu nayo nilijaribu kwenye vibao vya plastiki, wiki tatu za jua herufi zimekuwa za njano hazisomeki.

Sasa natumia makopo ya soda. Mama lishe wa jirani ananiwekea. Unakata juu na chini kwa mkasi, unalifungua kopo, unalilaza chini ya tofali usiku mmoja linyooke, unakata utepe wa sentimita 4 kwa 14, upande wa ndani usio na rangi ndo unaandikia. Unaulaza juu ya kandambili ya zamani, unachukua kalamu ya biki iliyoisha wino unaandika kwa kukandamiza, raba ya kandambili inabonyea na herufi zinazama kwenye alumini. Hakuna rangi, hakuna cha kubabuka. Kingo zinakata, vidole vyangu viwili vina plasta saivi, kwahiyo kunja kila ukingo milimita tatu kwa ndani kabla hujaandika, sio baada, ukikunja baada herufi za mwisho zinapinda. Na anza kuandika katikati ya jina kwenda pembeni, maana Solanum lycopersicum ina herufi 19 na mara mbili nimefika mwisho wa utepe nikiwa kwenye persi.

Mkasi 4,000, waya 2,500. Anayeanza leo moja kwa moja na makopo hizo 6,500 zinamtosha vibao vyote 22. Mimi jumla 116,500.

20 Aprili 2024: kifaru

Wakati nahamishia majina kwenye alumini niliamua kujisahihisha mwenyewe kwa sheria niliyojifunza Februari, kwamba nomino ikiishia -us kivumishi kiishie -us, -a kwa -a, -um kwa -um. Nikakuta kwenye orodha ya simu mkwaju ni Tamarindus indica. Nikasema hapa wamekosea, nikaandika indicus. Msindano, Pinus patula, nikaandika patulus. Mkaratusi, Eucalyptus saligna, nikaandika salignus. Jioni nzima, na nilikuwa na uhakika.

Padri alivyokuja kulalamika kuhusu mchungwa mmoja kunyauka (mizizi ilikuwa imejikunja kwenye kiriba, nimempa mwingine) akasimama kwenye mkwaju akatikisa kichwa. "Binti yangu, miti ni ya kike." Ndo kanuni yenyewe, Warumi majina ya miti waliyaweka kwenye jinsia ya kike hata kama yanaishia na -us, ficus, pinus, fagus, na wataalamu wa mimea wakaendelea na desturi hiyo hata kwa miti ambayo Mrumi hajawahi kuiona. Mkaratusi ni wa Australia lakini Eucalyptus yake ni ya kike.

Ilinisumbua usiku kucha maana niliona kama sheria imekufa, alafu asubuhi namwagilia nikakumbuka kifaru. Neno kifaru lina ki- mbele kama kiti na kisu, lakini hakuna Mswahili anayesema kifaru kikubwa kimelala, tunasema kifaru mkubwa amelala, kwa sababu upatanisho hauangalii sauti ya neno unaangalia kitu chenyewe ni nini. Kifaru ni mnyama, anapata ya viumbe hai. Ficus ni mti, inapata ya miti. Ni jambo lilelile kabisa! Na tangu nimeanza kuwaeleza wanafunzi hivi hakuna aliyenirudisha kuuliza mara ya pili, wanaanza wenyewe kutaja kiboko, chura, kipepeo.

Kuna mti mmoja unaovunja hata hiyo, mfenesi, Artocarpus heterophyllus. Artocarpus limeundwa kwa maneno ya Kigiriki, mkate na tunda, na kanuni za majina zimeamua kwamba majina yaliyoundwa kwa kumalizia -carpus ni ya kiume, kwahiyo kivumishi kinaishia -us. Ndo maana nasema usikisie, tafuta kila jina peke yake kwenye Plants of the World Online, orodha ya mtandaoni ya bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, ni bure, na uandike mkia kama ulivyo pale.

Kuhusu mkwaju kuna kitu nimekiongeza kwenye maelezo. Tamarindus imetoka kwa Waarabu, tamr hindi, tende ya India, alafu mbele yake wakaongeza indica, ya India, kwahiyo jina linataja India mara mbili na mti wenyewe asili yake ni Afrika. Watu wanaosimama pale wanashangaa wote.

Gharama hakuna, makopo matatu.

11 Mei 2024: nimesahihisha kisichohitaji

Hili ni kosa la mtu aliyeanza kujua. Kitunguu maji ni Allium cepa. Allium ni ya ngeli ya tatu, nimeshaijua, kwahiyo kwa mantiki yangu cepa iwe cepum. Biringanya ni Solanum melongena, Solanum ni ya tatu, nikaandika melongenum. Vibao vikakaa nje wiki nzima.

Cepa sio kivumishi. Cepa ni nomino, ndo neno la Warumi la kitunguu, limewekwa pembeni ya Allium kama mtu anavyosema Allium ile tunayoiita kitunguu. Nomino iliyokaa pembeni ya nomino haibadiliki kumfuata mwenzake. Na mfano upo palepale kwenye jina letu: kitunguu maji, vitunguu maji. Hakuna anayesema vitunguu vimaji. Lakini kitunguu kikubwa, vitunguu vikubwa, hapo kinabadilika kwa sababu -kubwa ni kivumishi. Allium cepa ni kama kitunguu maji, Allium sativum ni kama kitunguu kikubwa. Nimekaa na vitunguu miaka yote hiyo sikuwahi kuona kwamba majina yake yana tofauti hiyo ndani.

Melongena nayo ni nomino, na ukiifuata nyuma kupitia Kigiriki unafika kwenye badinjan ya Waarabu, hukohuko linakorudi neno letu biringanya. Ngogwe tofauti, Solanum aethiopicum, hiyo ni kivumishi kweli na inafuata. Kwahiyo kabla ya kugusa mkia jiulize kwanza neno la pili ni aina gani, ukiruka swali hilo unaweza kuharibu jina lililokuwa sahihi.

8 Juni 2024: mjumbe amekuja

Jumatatu asubuhi mjumbe wa nyumba kumi kaja na vijana wawili. Amekaa, amekunywa chai, alafu akasema kwa upole, "Mama, kuna maneno kwamba hapa kwako pana bangi na umeiwekea mpaka kibao." Nikashtuka kweli maana sina hata mche wa tumbaku. Kumbe kuna mtu amepita kwenye uzio akasoma sativa, na huko mitandaoni hilo neno watu wanalijua kwa bangi tu, Cannabis sativa, akahesabu vibao akapeleka taarifa.

Nikawatembeza kwenye matuta yote manane. Saladi, mpunga, habasoda, hizo ndo zenye sativa, nyingine ni sativus na sativum. Nikamweleza mjumbe kwamba neno maana yake ni ya kupandwa, Linnaeus aliiweka kwenye bangi kwa sababu hiyohiyo aliyoiweka kwenye njegere, kwamba watu waliipanda, haina kilevi ndani yake. Mjumbe akasoma kibao cha mpunga kwa sauti mara mbili akasema basi hata wali wa harusini ni sativa. Akaondoka na fungu la saladi.

Lakini nililichukua kwa uzito. Kibao kinasomwa na mtu aliyesimama nje ya uzio ambaye sitapata nafasi ya kumweleza. Kwahiyo kwenye vile vinane nimeandika maana hapohapo kwenye utepe, sio kwenye kikaratasi. "MPUNGA. Oryza sativa. Oryza ya kupandwa." Imebidi niongeze upana wa utepe kutoka sentimita 4 kwenda 5. Ningefanya hivi Februari lisingetokea, na jina lingekuwa na faida tangu siku ya kwanza.

29 Juni 2024: Allii sativi

Nilienda duka la dawa nikaona chupa ya vidonge vya kitunguu saumu imeandikwa Allii sativi bulbus. Mara ya kwanza nilidhani ni kosa la kiwanda, sasa nimeshajifunza kuuliza kabla ya kusahihisha. Nikampigia padri.

Kumbe mkia wa Kilatini unafanya kazi mbili, unaonyesha ngeli na unaonyesha pia neno linafanya nini kwenye sentensi. Bulbus ni kichwa cha kitunguu, Allii ni "cha Allium", na kivumishi kikafuata, sativi. Sisi hapo tunaweka kile kiunganishi, cha, ya, wa, la, wao wanageuza mwisho wa nomino na kivumishi chake vyote viwili. Mbegu ya mpunga inakuwa semen Oryzae sativae. Mbegu ya habasoda, semen Nigellae sativae. Nimeandika kwenye daftari hivi, nadhani inamtosha mtu wa vibao: likisimama lenyewe ni sativus, sativa, sativum, likimilikiwa kwa "-a" yetu ni sativi, sativae, sativi. Zipo nyingine, ya kupewa, ya kutendwa, ya kwa njia ya, na wingi wote, lakini kwenye kibao hazitokei.

Na angalia kitunguu maji kinavyofanya. Shirika la Afya Duniani kwenye kitabu chake cha mimea dawa cha mwaka 1999 wameandika Bulbus Allii Sativi na Bulbus Allii Cepae. Sativi imefuata mkia wa Allii, cepae imefuata mkia wake yenyewe. Kila nilichokieleza Mei kuhusu nomino na kivumishi kipo kwenye hayo maneno mawili.

Matamshi pia nimeyamaliza leo, maana wanafunzi wanasoma kwa sauti. Sativus haitusumbui, mkazo unakaa silabi ya pili toka mwisho kama Kiswahili, sa-TI-vus. Warumi wenyewe hiyo v waliitamka kama w, padri anaitamka v ya kanisani, sisi tumefuata padri. Shida ipo kwenye mlonge, Moringa oleifera, na mwembe, Mangifera indica. Mswahili yeyote atasema mangi-FE-ra, lakini hiyo fe ni fupi na Kilatini silabi ya pili toka mwisho ikiwa fupi mkazo unarudi nyuma moja, man-GI-fe-ra, ole-I-fe-ra. Nimepiga mstari mdogo chini ya silabi yenye mkazo kwenye vibao hivyo viwili, kwa biki ileile.

3 Agosti 2024: mng'ongo

Habari za mwezi uliopita, wataalamu wa mimea wamekutana Madrid na wamepiga kura kubadilisha jina caffra na ndugu zake kwenye mimea yote, zaidi ya 200. Sisi inatuhusu kwa sababu mng'ongo wetu ni Sclerocarya birrea, na ile ya upande wetu wanaiita caffra. Neno lilianza kwa Waarabu kama kafiri, lilelile tunalolijua, alafu kusini mwa Afrika likageuzwa kuwa tusi la kumtukana Mwafrika mweusi, watu walitupiwa kwa miaka mingi. Sasa c imeondolewa inakuwa affra, inakaribia kivumishi ambacho Warumi walikuwa nacho tangu zamani, afer, afra, afrum, wa Afrika.

Mkia haujaguswa, Sclerocarya ni ya kike na inabaki -a. Nimeandika kibao upya na affra. Nilikaa nacho mkononi muda mrefu kabla sijakifunga kwenye mti.

7 Septemba 2024: geti

Vibao 22 vimekamilika, hakuna kilichobabuka tangu Machi, viwili vimeibwa waya nikafunga kwa kamba ya katani. Kilichobaki kilikuwa kibao kikubwa cha getini na nilikuwa sijaamua kiandikwe nini zaidi ya jina la kitalu.

Padri ndo aliyenipa. Nilimuuliza Kilatini cha kitalu ni nini, akakaa kidogo akacheka, akasema, "Mimi nimekaa humo miaka kumi na mbili." Semen ni mbegu, mzizi uleule wa satum na sativus, na seminarium ni mahali pa mbegu, ndivyo wakulima wa Kirumi walivyoita kitalu cha miche. Mwaka 1563 Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kikatoliki, ulipoagiza kila jimbo liwe na mahali pa kulelea mapadri vijana wakatumia neno hilo la wakulima, na ndo likatufikia sisi kama seminari. Semina za ofisini nazo ni hukohuko.

Ubao wa mninga 15,000, kuchonga 10,000. Jumla ya mradi mzima 141,500. Neno ni la ngeli ya tatu, linaishia -um, nimemsimamia fundi herufi kwa herufi. Padri alikuja kukiona Jumamosi, akapitisha kidole kwenye maandishi, SEMINARIUM, alafu akaingia ndani kuchagua mchungwa wa tatu.